Mshale Hungoja Kisimani

Jioni ya Makindu huingia na vumbi na ngurumo za malori. Barabara ya Mombasa hailali. Yanayopanda Nairobi na yanayoshuka pwani hupishana mbele ya vibanda vya nyama choma na maduka ya M-Pesa, na kila moja likipita mabati hutetemeka. Siku hiyo mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka, simu ameishika kwa ulalo, vidole gumba viwili vikicheza juu ya kioo. Nilisimama nyuma yake nikatazama.

Mchezo wenyewe ulikuwa Mobile Legends, ule wa watu 5 kwa watu 5 uliotolewa na kampuni ya Moonton ya China mwaka 2016. Shujaa wake alikuwa Selena, mwanamke anayerusha mshale mrefu wa giza. Alikuwa amejibanza kwenye majani. Adui hakuonekana popote. Kijana akavuta kidole, akakiachia, mshale ukatoka kuelekea mahali pasipo na mtu. Nikadhani ameupoteza. Kumbe adui alikuwa njiani. Akatokea kwenye kona, akaingia kwenye ule mshale kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, akaganda.

"Ulijuaje angepita hapo?" nikamuuliza.

Hakuinua macho. "Mjomba, kale kaaskari kalikuwa kanakufa. Lazima angekuja kuchukua dhahabu."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Halikuwa jibu geni kwangu. Nililisikia utotoni kwa mdomo mwingine, kwa babu yangu, umau kama tunavyowaita kwa Kikamba, ambaye uta wake ulining'inia ukutani bila upote kwa miaka yote niliyomfahamu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, naye alikuwa mtu wa kutii sheria. Lakini mkono uliacha kazi, ulimi haukuacha. Alikuwa akisema kwamba mpumbavu humlenga mnyama, na mwindaji huilenga kiu yake.

Nimeandika tafakari hii kwa sababu naamini wazee wawili hao, mmoja aliyelala kaburini na mwingine ambaye bado hajafuga ndevu, wanajua jambo moja, na kwamba jambo hilo linatuhusu sisi wote tunaopita barabarani na simu mifukoni.

*

Michezo hii ya mapambano ina mapigo ya namna mbili. Namna ya kwanza ni pigo la kuchagua: unamgusa adui kwenye kioo, na pigo linamfuata mpaka limpate, hata akimbilie wapi. Namna ya pili ni pigo la kulenga. Hapa humchagui mtu, unachagua upande. Mshale hutoka, huenda moja kwa moja, na hauna habari na mtu yeyote. Aliye njiani atapigwa, asiyekuwepo atasalimika. Vijana huheshimiana kwa namna hii ya pili, kwa kuwa hapo mchezo hauwezi kukubeba. Kifaa hakilengi kwa niaba yako.

Watengenezaji wa michezo hii wameipima hatari hiyo kwa hesabu nyembamba sana. Chukua League of Legends, mchezo uliotolewa Oktoba 2009 na kampuni ya Riot Games ya Marekani, ambao ndio uliozoesha dunia nzima mapigo haya. Kuna shujaa aitwaye Ezreal. Pigo lake kuu la kulenga huenda kwa kasi ya vipimo 2,000 kwa sekunde na hufika umbali wa vipimo 1,200. Kwanza huinua mkono kwa robo sekunde. Ndipo mshale utoke, nao husafiri kwa sehemu 6 za kumi za sekunde hadi mwisho wake. Adui wa kawaida aliyevaa viatu vya bei rahisi hutembea vipimo 350 kwa sekunde, na ili aponyoke lazima asogee pembeni kama vipimo 125. Jicho la binadamu nalo huchukua kama robo sekunde kuona kitu na kuuamuru mkono.

Fanya hesabu. Ukipigwa kutoka mwisho wa umbali ule, baada ya kushtuka unabaki na karibu sehemu 6 za kumi za sekunde: unaweza kusogea vipimo 210, na umepona. Ukipigwa kutoka nusu ya umbali, unabaki na sehemu 3 za kumi: unasogea vipimo 105, na mshale unakupata begani. Kwa mbali, macho yanatosha. Kwa karibu, macho yamekwisha kuchelewa, na anayepona ni yule aliyeanza kuepa kabla mshale haujatoka.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo elimu yote ya uwindaji wa mishale. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na hakuna mshale wa uta unaoikaribia kasi hiyo. Kwa hiyo upote unapolia, mlio wake humfikia swala kabla ya mshale. Swala huinama ili aruke, na mshale uliolengwa kifuani hupita juu ya mgongo. Umau hakujua tarakimu, lakini alijua kwamba mnyama husikia mauti yake ikitangazwa. Mkono ulioinuliwa wa Ezreal ndio mlio wa upote. Ndiyo maana mwindaji alitambaa, akapima upepo, akakaribia mpaka mahali ambapo habari na mshale hufika karibu pamoja.

Na kukaribia kulikuwa na sababu nyingine. Mshale wa Mkamba ulikuwa mali. Wano lilichongwa na kunyooshwa, nyuma likatiwa manyoya, mbele likatiwa chembe cha chuma, na juu ya chembe ikapakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Sumu hiyo ina kitu ambacho wanasayansi hukiita ouabain, jina lililotoka katika neno la Kisomali waabaayo, nacho huushambulia moyo. Chembe kilichopakwa kilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke, na ili mwenyewe asijikwaruze. Ukanda huo ulifunguliwa dakika ya mwisho. Mtu aliyebeba vitu kama hivyo podoni hakupiga ovyo.

Katika mchezo, thamani hiyo imewekwa kwa njia ya kusubiri. Ashe, mpiga mishale mwingine wa League of Legends, ana mshale mkubwa wa barafu unaovuka uwanja wote bila kusimama mpaka umpate shujaa wa adui. Akikosa shabaha mwanzoni mwa mchezo, hukaa sekunde 100 bila mwingine. Na kadiri mshale unavyotoka mbali ndivyo aliyepigwa anavyoganda kwa muda mrefu zaidi. Mshale wa Selena una kanuni hiyohiyo, na wa Mirana katika Dota 2 pia. Waliobuni kanuni hiyo waliona sawasawa: aliyekupata kutoka mbali amekujua zaidi kuliko aliyekupata kutoka karibu, na anastahili kulipwa zaidi.

*

Sasa nirudi kwenye dhahabu.

Katika michezo hii kila upande hutuma askari wadogo wasio na akili, wanaotembea kwa mistari na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Anayemmalizia askari wa adui kwa pigo la mwisho hupata dhahabu, na dhahabu hununua silaha. Asiyeokota dhahabu atakuwa dhaifu na mwisho atashindwa hata kama hajafa mara moja. Basi kila mchezaji, hata awe mwepesi namna gani, lazima amwendee askari anayekufa, na lazima asimame kidogo ili ampige. Kusimama kwenyewe ni nusu ya sekunde. Mchezaji hodari humwacha adui aruke na kuchezacheza anavyotaka, halafu humwangalia yule askari, huhesabu damu iliyobaki mwilini mwake, na mshale huachiliwa ufike wakati ule adui anapotua.

Ndivyo mpwa wangu alivyofanya. Mtu hakuonekana, lakini haja yake ilionekana.

Ukambani haja hiyo imekuwa maji siku zote. Makindu ulipata jina kutokana na mikindu, ile mitende ya mwituni ambayo kwa ukindu wake Waswahili husuka mikeka, na mkindu hauoti mahali pakavu; ukiuona, ujue maji hayako mbali. Nchi inayotuzunguka ni kavu, mawe na miiba, lakini mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno na kuja kuchomoza huku chini kama chemchemi, Makindu, Kiboko, Kibwezi. Mnyama wa nyika hii ana maili nyingi za kujificha na mahali pachache pa kunywa. Porini ni mwepesi kuliko mshale wowote. Kisimani, shingo imeinama, masikio yamejaa sauti ya maji, ni mnyama mwingine kabisa.

Hata historia yetu ya watu imeandikwa kando ya maji. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, Kivoi. Aliporudi mwaka 1851 wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Walivamiwa walipokuwa karibu kuufikia mto, na Kivoi, mtu ambaye misafara yake ilijulikana hadi Mombasa, akauawa hapo. Krapf alikimbia peke yake porini, na kiu ikamrudisha mtoni kwa siri, akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa darubini yake. Sijui mfano mkubwa zaidi wa kile ninachokisema: mtu aliyejua wazi kwamba hatari iko mtoni, akaenda mtoni, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kiu haikuulizi kama unajua.

*

Watoto wa Kenya, hasa wasichana, hufundishwa mambo haya mapema zaidi bila simu. Mchezo unaitwa kati. Wawili husimama huku na huku, wa tatu yuko katikati, na mpira uliosokotwa kwa soksi kuukuu, au kwa mifuko ya plastiki kabla haijapigwa marufuku Agosti 2017, hurushwa kumpiga wa katikati. Tanzania huuita rede au nage, na kuna namna ya kuucheza ambapo aliye katikati anatakiwa ajaze chupa mchanga huku anarushiwa mpira. Namna hiyo ndiyo yenye hekima kubwa. Msichana anayeruka tu ni vigumu kumpiga. Anayetaka kuijaza chupa lazima ainame, na warushaji wenye akili hawamrushii akiwa wima. Wanamngoja ainame.

Niliwatazama hivi karibuni wasichana wakicheza nyuma ya kanisa. Mmoja, mwembamba, miguu pekupeku, alikuwa hapigwi. Nilichukua muda kuelewa siri yake. Wenzake walikuwa wanautazama mpira. Yeye alikuwa anatazama bega la mrushaji. Bega likirudi nyuma alikuwa amekwisha kuhama, lakini hakuhama mbali. Alihama kiasi cha kiganja, mpira ukapita ukimgusa sketi, naye akabaki na pumzi ya kuhama tena. Aliyekuwa kabla yake aliruka kwa nguvu zote kila mara, akatua vibaya, akapigwa kwa mpira wa pili.

Huko ndiko kuepa. Watu hudhani kuepa ni kukimbia, nako ni kusogea kadiri inavyotosha na kubaki na hatua nyingine. Katika Tekken, mchezo wa ngumi ambao Sylvia Gathoni wa Kenya aliucheza mpaka mwaka 2018 akasajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU, kuna hatua ndogo ya pembeni ambayo ndiyo hutenganisha wajuzi na wanaobonyeza ovyo: pigo la moja kwa moja hupita hewani, na aliyelitupa anabaki wazi. Gathoni alijichagulia jina la QueenArrow, malkia wa mshale. Sijui kama nchi yetu imewahi kupeleka ng'ambo jina linalofaa zaidi.

Lakini kuna adui wa anayeepa, na adui huyo ni yeye mwenyewe. Kila mtu ana upande wake. Mtazame mchezaji akiepa mara kumi, utaona mara saba ameenda kulia, au amerudi nyuma, au amezunguka kwa namna ileile. Mwenyewe hana habari. Anayemlenga anajua baada ya dakika tano. Mshale wa kwanza hurushwa kumwuliza swali: ukitishwa, unakwenda wapi? Wa pili hurushwa kwenye jibu. Waswahili walisema mazoea yana tabu, na hapa tabu yenyewe ina umbo, ina upana na ina kasi. Kwa hiyo wanaoepa vizuri hujizoeza jambo gumu kuliko wepesi: hujizoeza wakati mwingine kutofanya chochote. Mkono wa adui unapoinuka wao husimama palepale, na mshale uliorushwa kwenye mazoea yao hupita kando.

*

Kijana wa Makindu ana mzigo mmoja ambao wenzake wa Seoul hawana. Anapogusa kioo, amri yake hupanda mnara wa simu, huingia kwenye nyaya za nuru, hufika Mombasa na kuzama baharini kuelekea seva iliyo nchi nyingine. Nyaya za kwanza za namna hiyo, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa mwaka 2009, mwaka uleule League of Legends ilipozaliwa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na pigo la kulenga kwa setilaiti ni kama kutupa jiwe kisimani na kungoja mlio. Ndani ya kioo cha waya, nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa mbali kwa kilomita 6,000, kwenda na kurudi ni sehemu 6 za mia za sekunde, na hapo bado hujaongeza minara, mitambo na msongamano wa jioni.

Vijana huita muda huo pingi, na huutazama kwenye kona ya kioo kama baharia anavyotazama upepo: kijani, njano, nyekundu. Maana yake ni kwamba adui unayemwona hayupo tena hapo. Unachokiona ni kivuli cha alipokuwa. Seva ndiyo hakimu, nayo iko mbali. Basi kijana wetu hulenga mara mbili: hulenga pale adui atakapokuwa, kisha huongeza urefu wa bahari. Nimemwona mpwa wangu akifanya hivyo bila kufikiri, kama mvuvi wa mkuki ambaye hachomi pale samaki anapoonekana kwa sababu anajua maji hupinda nuru. Sikuwahi kufundishwa unyenyekevu huo shuleni, kwamba ninachokiona tayari kimepita.

Na wapo wanaolenga hata wasiyemwona kabisa. Oktoba 2016, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, timu mbili za Korea Kusini, ROX Tigers na SK Telecom T1, zilikutana katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa League of Legends. Mpiga mishale wa ROX aliitwa PraY, na alimchukua Ashe. Mishale yake ya barafu ilitoka pembe moja ya uwanja na kumpata mtu pembe nyingine, mtu ambaye hayuko hata kwenye kioo chake. SK Telecom walishinda 3 kwa 2. Lakini wanaoukumbuka mchezo ule huizungumzia mishale. Nadhani najua kwa nini. Kumpiga unayemwona ni kazi ya jicho. Kumpiga usiyemwona, kutoka mbali, kwa kuwa tu unajua anachotaka na saa anayokitaka, kunatisha kidogo, na kunapendeza kidogo, kwa sababu sote tungependa kujulikana kiasi hicho na sote tunakuogopa.

Na wajuzi husema pia kwamba mshale wenye nguvu kuliko yote ni ule ambao bado haujarushwa. Ashe akiwa nao mkononi, maadui hutembea kwa hadhari na kuacha dhahabu wasiyothubutu kuikaribia. Akiurusha na kukosa, uwanja wote hupumua. Zile sekunde 100 ni zao. Umau alikuwa na podo la mishale michache, na sikumsikia akijisifu kwa aliyoipiga. Alisimulia safari alizorudi nyumbani na mishale yote, bila hata mmoja kupungua, kwa sababu upepo uligeuka, au kwa sababu swala alikuwa na mtoto. Alizisimulia kama safari zilizofanikiwa.

*

Wazazi wengi wa hapa kwetu huutazama mchezo wa simu kama wizi wa wakati, na mara nyingi ni kweli. Masomo hulala, macho huwa mekundu, bando huisha kabla ya unga. Sitatetea usiku uliopotea. Lakini naomba tutofautishe mchezo na kifaa kinachoubeba, kwa sababu hatari niliyoiona mimi haiko katika mshale wa Selena.

Siku ileile, mchezo ulipokwisha, kijana alishusha simu. Juu ya kioo likateremka tangazo la kamari, lenye rangi ya dhahabu, likimwambia kwamba ana zawadi inayomngoja. Lilikuja wakati gani? Lilikuja alipopumzika. Vidole vilikuwa vimesimama, moyo ulikuwa bado moto kwa ushindi, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Kidole kikaelekea kulibonyeza. Yule aliyekuwa amemngoja adui kwenye askari anayekufa alikuwa sasa ameinama mwenyewe kisimani, na mtu asiyemwona, aliye mbali sana, alikuwa amekwisha kuachia upote.

Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa kuwa yalikuwa yamejaa kila mahali na kila saa, hata saa za watoto. Ilikuwa hatua njema. Lakini siku 30 ni muda wa kusubiri tu, kama zile sekunde 100 za Ashe. Podo halikuvunjwa. Kamari, mikopo ya haraka ya simu, video zinazofuatana bila mwisho, vyote hivyo ni mapigo ya kulenga yaliyotengenezwa na watu hodari, wenye subira, wanaojua kiu yetu kuliko tunavyoijua. Hawatukimbizi. Wanajua tutakuja kunywa.

Nikamwambia kijana neno moja tu. "Ukiwa ndani ya mchezo, tangazo hili ungeliona ni mshale?"

Alilitazama kwa muda. Akalifuta kwa kidole kuelekea pembeni, kiasi kidogo, kama yule msichana wa kati alivyohama kiasi cha kiganja. Hakusema kitu, nami sikuongeza kitu. Sidai kwamba amepona. Kesho litakuja jingine, na keshokutwa. Ninachodai ni kwamba elimu ya kuliona anayo tayari. Ameilipia kwa mamia ya saa na kwa kufa mara nyingi ndani ya kioo. Kilichobaki ni mtu wa kumwonyesha kwamba uwanja haukomei pale simu inapozimwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazazi, walimu na wajomba wenzangu. Kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, kaa kwenye ngazi pamoja naye mara moja, umtazame akilenga, umuulize swali nililomuuliza wangu: ulijuaje atapita hapo? Msikilize mpaka mwisho. Kisha mwulize la pili: na wewe, ni kitu gani hukusimamisha, na nani anajua? Swali hilo la pili tuliulize na sisi wenyewe, kila mmoja, kabla hatujainama kunywa.

Uta wa umau bado uko ukutani. Wiki iliyopita mpwa wangu aliuteremsha, akaupangusa vumbi, akaniomba nimfundishe kuufunga upote.